Je, labo yetu ni kiwanda cha kanyanga?



Tangu mwanzo wa trimestri hii kuna neno linalotembea mu masomo yetu, kutoka internati mpaka ku jikoni, na sasa limefika hata ku mkutano wa wazazi. Neno lenyewe ni hili: "Bale ba siziemu banapika kanyanga mu labo." Wengine wanalisema kwa kucheka tu. Lakini ku mkutano hakuna aliyecheka. Wazazi fulani wameomba ya kwamba lile somo la kutenga alkoli na maji kwa moto liondolewe kabisa, juu masomo yetu ni ya Kiprotestanti, na mtoto hakutumwa hapa kujifunza kupika pombe kali. Tumeambiwa ya kwamba shauri litakatwa mbele ya vakansi kubwa.

Sisi wanafunzi wa mwaka wa sita, seksio ya Biolojia-Shimi, ndio tunaosemwa. Kwa hiyo tumeomba nafasi mu gazeti letu ili tujibu. Hatujibu kwa hasira. Mzazi anayeogopea mtoto wake ulevi anafanya kazi yake ya uzazi, na sisi tunamshukuru. Lakini tunaona ya kwamba hofu hii imeshika njia isiyo yake. Maoni yetu ni haya: somo hili libaki, lifanyike mlango wazi, na kila mwanafunzi wa seksio yetu alipate mbele ya kutoka hapa na diploma yake. Tutatoa sababu zetu moja moja.

KITU GANI KINAFANYIKA MULE LABO?

Siku ya kwanza hatukuwasha moto hata kidogo. Profeseri alichukua alkoli ya farmasi, ile ya 95 kwa 100, akapima mililitri 50 mu epruveti yenye alama. Akapima tena mililitri 50 za maji. Akauliza: "Tukizichanga, tutapata ngapi?" Darasa lote likajibu kwa sauti moja: "100!" Nani hajui 50 na 50?

Akamimina, akatikisa, tukangoja ipoe, kisha tukasoma alama: karibu 97. Mmoja akasema, "Profeseri, umemwaga." Hakukasirika. Alitupa epruveti tumimine sisi wenyewe. Tulipata 97 tena. Tukaweka vyombo ku mizani mbele na nyuma ya kuchanganya: hakuna hata gramu moja iliyopotea. Basi uzito unabaki sawasawa, lakini nafasi inapunguka. Mililitri 3 hazikuibwa na mtu, wala hazikupanda hewani. Maji na alkoli vimekaribiana kupita vile kila kimoja kilikaa peke yake.

Wengi wanafasiria jambo hili kwa mfano wa maharagi na unga: ukimimina kikombe cha unga mu kikombe cha maharagi hautapata vikombe viwili vizima, juu unga unaingia mu nafasi katikati ya maharagi. Mfano huu ni muzuri, lakini unaishia njiani. Tulipochanganya maji na alkoli, tulitia termometri ndani, na joto lilipanda degre karibu 5 bila moto wowote. Je, umekwisha kuona maharagi na unga vinapashana moto? Hapana. Basi kuna kitu kingine kupita kujaza matundu. Molekule za maji na za alkoli zinashikana upya, namna nyingine, na katika kushikana kule joto linatoka inje.

Hili si jambo dogo lililobuniwa kwa kufurahisha watoto. Mrusi Dmitri Mendeleev, yule tunayeandika tablo yake ku ukuta wa darasa, alipata udaktari wake mwaka wa 1865 kwa kitabu juu ya kuchanganyika kwa alkoli na maji. Alipima na kupima tena uzito wa michanganyiko hii, akaona ya kwamba nafasi inapunguka zaidi pale alkoli inapokaribia 46 kwa 100 kwa uzito, maana yake molekule moja ya alkoli kwa molekule tatu za maji. Mtu aliyepanga elementi zote za dunia alianza kwa kuuliza swali lile lile tuliloulizwa mule labo: kwa nini 50 na 50 hazifanyi 100? Tena mbele yake, Mfaransa Gay-Lussac alikuwa amekwisha kutoa, mwaka wa 1824, kipimo chake cha kuelea chenye alama kutoka 0 mpaka 100. Zile "degre" ambazo watu wa zamani walisoma ku chupa za alkoli zinatoka kwake.

MOTO HAUTENGI VILE TUNAVYODHANI

Siku ya pili ndipo tuliwasha moto, na ndipo maneno yalianza kutembea. Tunaomba msomaji atufuate polepole hapa, juu ni hapa kunalala mambo yote.

Ukiuliza wanafunzi kumi, tisa watakujibu hivi: "Alkoli inachemka ku degre 78, maji ku 100. Ukichunga moto usipite 78, alkoli yote itatoka, maji yatabaki." Jibu hili linaonekana muzuri sana. Linaandikwa ku interogasio, na tunaogopa ya kwamba linaandikwa hata ku ekzameni ya Leta. Lakini ni uongo.

Jambo la kwanza: hata ile 100 si ya kwetu. Maji yanachemka ku degre 100 pale usawa wa bahari. Sisi tuko mu milima ya Kivu, ku urefu wa karibu metri 1500, hewa inatulemea kidogo tu, na maji yanachemka karibu ku degre 95. Alkoli safi vilevile inashuka, inachemka karibu ku 74. Mtu anayeshika kitabu cha Ulaya bila kupima mwenyewe anajidanganya tangu mstari wa kwanza.

Jambo la pili ni kubwa zaidi. Mchanganyiko hauchemki mara mbili, kwanza alkoli kisha maji, sawa watu wawili wanaopita mlangoni mmoja nyuma ya mwingine. Vinachemka pamoja, na mvuke unabeba vyote viwili. Tofauti ni hii tu: mvuke una alkoli nyingi kupita ile iliyo ndani ya chungu. Tuchukue pombe yenye alkoli 10 kwa 100 kwa uzito. Pale usawa wa bahari itaanza kuchemka karibu ku degre 92, si 78. Mvuke wake wa kwanza utakuwa na alkoli karibu 50 kwa 100. Nusu ingine ni maji.

Sasa tupoze mvuke ule, tupate maji yake, tuyachemshe tena. Mvuke wa kwanza wa mara ya pili utakuwa na alkoli karibu 77. Tukichemsha ile tena, karibu 84. Tena mara moja, karibu 88. Unaona namna ngazi inavyokuwa? Hatua ya kwanza ilikuwa kubwa, kutoka 10 mpaka 50. Ya pili ilikuwa ya 27. Ya tatu ilikuwa ya 7, na ya ine ya 4 tu. Kadiri unavyopanda, ngazi inapunguka, na mwishoni unagonga ukuta.

Ukuta ule uko ku 95,6 kwa 100 kwa uzito. Ukifika pale, mchanganyiko unachemka karibu ku degre 78,15 pale usawa wa bahari, chini kidogo ya alkoli safi yenyewe, na mvuke unatoka na kipimo kile kile kilicho mu chungu. Chemsha usiku na mchana, choma msitu mzima wa makala, hautapata hata sehemu moja zaidi. Wenye elimu wanauita azeotropi, neno lililoundwa mwaka wa 1911 kutoka Kigriki, maana yake kinachochemka bila kubadilika. Ndiyo sababu alkoli kali inayouzwa mu farmasi inaandikwa 95 ao 96. Si uvivu wa kiwanda. Ni ukuta.

Kwa kupita ukuta ule sherti ushike njia ingine isiyo ya moto peke yake. Ukipunguza hewa inayolemea mchanganyiko mpaka chini ya sehemu ya kumi ya ile ya usawa wa bahari, azeotropi inapotea, lakini kazi hii inaomba mashine ya kuvuta hewa. Watu wa zamani walitia chokaa kali, inayokunywa maji. Mwaka wa 1902 Mwingereza Sydney Young alitia benzeni, yenye kuondoka na maji pamoja. Siku hizi tunajua ya kwamba benzeni inaleta kansa ya damu. Leo viwanda vingi vinatumia jiwe linaloitwa zeoliti, lenye vitundu vidogo ambavyo molekule ya maji inaingia na ile ya alkoli inabaki inje.

KWA NINI HAVIACHANI, NA TENA HAVIPENDANI SANA?

Msomaji mwenye akili atatuuliza: "Mmesema maji na alkoli vikikutana vinatoa joto, maana yake vinashikana vizuri. Sasa kwa nini alkoli inakimbia mu mvuke haraka kupita maji?" Swali hili lilitushika juma nzima.

Molekule ya alkoli ina pande mbili. Upande mmoja unafanana na maji na unashikana nayo. Upande wa pili ni mkia wa kaboni, sawa mafuta, na maji hayautaki. Yanauzunguka na kujipanga pale, yanapoteza uhuru wao wa kugeukageuka. Joto linatoka, ni kweli, lakini uhuru unapunguka, na asili inahesabu vyote viwili: joto na uhuru. Huo uhuru ndio vitabu vinaita entropi. Pale maji ni mengi, hasara ya uhuru inashinda, alkoli inasukumwa inje, inapanda mu mvuke kwa wingi. Pale alkoli ni nyingi, molekule chache za maji nazo zinakuwa wageni, zinasukumwa inje vilevile. Ku 95,6 misukumo hii miwili inapatana, hakuna anayetangulia. Njo vile ukuta unajengwa.

Tuliposikia jambo hili tulijua ya kwamba termodinamiki si fomula za kukariri usiku wa mbele ya ekzameni. Inasema kitu gani kinawezekana na kitu gani hakiwezekani, hata ukiwa na kuni ngapi.

SASA TUSEME JUU YA KANYANGA

Wazazi wetu, tusidanganyane. Kanyanga haikungoja labo yetu. Iko inapikwa mu vijiji na mu makartie yetu, ku Katanga wanaiita lutuku, na wapishi wake hawakusoma shimi. Pipa ku mafiga matatu, tuyo inapita mu maji baridi, chupa inangoja chini. Mtoto wa kwetu anaona ile kazi tangu akiwa mdogo. Tena kati yetu wanafunzi kuna wanaolipiwa minervali na franga ya kasiksi na ya kanyanga, na mama zao wanaamka saa kumi ya usiku wakikaa mu moshi juu yetu. Hatutaki kuwatukana. Tunataka kuwa na neno la faida la kuwaambia.

Basi kitu gani kinajulikana mu makartie? Namna ya kupika. Kitu gani hakijulikani? Sababu. Na mu nafasi ile ya sababu watu wametia maneno matatu ya uongo, yenye kuua.

Neno la kwanza: "Ikipita mu moto imekuwa safi." Hapana. Tumeona ya kwamba moto hautengi kabisa. Mvuke unabeba alkoli, maji, na kila kitu kingine kinachoweza kupanda nao.

Neno la pili: "Mwanga ya kwanza, sumu imetoka." Wanasema hivi juu ya metanoli, alkoli mbaya ndugu ya ile tunayoijua. Metanoli inachemka ku degre 64,7, basi watu wanafikiri ya kwamba itatoka yote mwanzoni, na ukimwaga kikombe cha kwanza uko salama. Ni lile lile kosa la 78 na 100! Mkia wa metanoli ni mfupi, maji hayaisukumi sana, kwa hiyo mu maji mengi inabaki imeshikwa na inaendelea kutoka kidogo kidogo tangu mwanzo mpaka mwisho. Hauwezi kumwaga mwanzo ukasema umemaliza.

Neno la tatu: "Iwashe na kiberiti, ikitoa moto wa buluu, ni nzuri." Metanoli nayo inawaka, na moto wake ni wa buluu hafifu. Kiberiti hakijui kuchagua kati ya ndugu wawili.

Pombe ya mahindi ao ya ndizi yenyewe inazaa metanoli kidogo tu. Hatari kubwa inakuja pale mchuuzi anapotia alkoli ya kiwanda mu chupa ili aongeze nguvu ao wingi. Mwezi wa ine wa mwaka wa 2010, ku Kabale mu Uganda, upande wa pili wa mpaka wetu, watu karibu 80 walikufa mu muda wa majuma machache juu ya kunywa waragi iliyotiwa metanoli. Metanoli ikiingia mwilini inageuka asidi formiki, inapiga mshipa wa macho kwanza. Anayepona anaweza kubaki kipofu. Hakuna pua iliyowajulisha watu wale, wala ulimi.

Sasa tunauliza: nani atakayemwambia mama mpishi, ao kaka anayekunywa, ya kwamba kikombe cha kwanza kilichomwagwa hakimlindi? Pasteri anaweza kusema "usinywe," na anasema vizuri. Lakini yule asiyemsikia Pasteri, nani atamfasiria? Tunaona ya kwamba ni kazi ya mwanafunzi aliyeona ngazi ile na macho yake, aliyesoma termometri ikipanda kutoka degre 85 kwenda 90 na zaidi wakati alkoli iliendelea kutoka. Aliyekatazwa somo hili atarudi ku nyumba na kosa lile lile la 78, tena atalisema kwa sauti ya mtu aliyesoma.

ALKOLI INAYOOKOA

Kuna upande wa pili, ambao ku mkutano haukusemwa hata kidogo. Kati yetu kuna wanaotaka kuwa wauguzi, wafarmasi na waganga. Mu dispanseri alkoli iko kila siku ku mkono wao.

Watu wanadhani alkoli ya 95 inaua vijidudu kupita ya 70, juu ni kali zaidi. Sivyo. Ya 70 inafanya kazi vizuri zaidi, juu maji yanasaidia alkoli kuingia na kuharibu protini za kijidudu; ile ya 95 inakausha haraka na haiingii sana. Basi muuguzi sherti apunguze ya 95 mpaka 70. Afanye namna gani? Kwa hesabu ya kawaida, litri 1 ya 95 inapaswa kuwa mililitri 1357 za 70. Atasema: "Nitaongeza maji mililitri 357." Lakini kwa sababu nafasi inapunguka, hatafika 1357. Maji ya kuongeza ni karibu mililitri 391. Zile mililitri 34 ndizo zile tatu tulizozipoteza mu epruveti, zimekuwa nyingi.

Mwaka wa 2020, wakati wa korona, kila mtu alitafuta dawa ya kupaka ku mikono. Kuna namna ya kuitengeneza iliyotolewa na Shirika la Afya la Dunia: alkoli ya 96 mililitri 8333, maji oksijene ya 3 kwa 100 mililitri 417, gliserini mililitri 145, kisha maji mpaka ku alama ya litri 10. Angalia lile neno "mpaka ku alama." Hawakuandika mililitri ngapi za maji. Anayejumlisha kwa kalamu atapata 1105. Anayemimina mpaka ku alama ataona ya kwamba maji yanaingia kupita hapo. Walioandika ile karatasi walijua kitu ambacho Mendeleev alipima mwaka wa 1865. Mwanafunzi wetu akijua, atatengeneza dawa sawasawa. Asipojua, atabishana na chupa.

MAJIBU YETU KWA WANAOKATAA

Wengine watasema: "Mafasirio yote haya mnaweza kuyapata ku ubao, bila kuwasha moto." Tunajibu: ubao ndio uliotufundisha 78 na 100. Termometri ndiyo iliyotutoa mu kosa lile. Ku ubao 50 na 50 ni 100 siku zote.

Wengine watasema: "Watoto watakunywa." Hapa tunakubaliana na wazazi kwa neno moja: alkoli haiwezi kubaki mu kabati isiyo na kifungulo, wala kutoka bila kuandikwa. Mchunga mbuzi hachinji mbuzi kwa kuogopa chui, anafunga zizi. Tena, kwa mililitri 200 za mchanganyiko tulizochemsha, tulipata kitu kidogo sana, na profeseri alitia blu ya metilene ndani palepale. Hakuna mtu anayetamani kunywa kitu cha rangi ya wino.

Wengine watasema: "Masomo ya Kanisa hayapashwi kutaja pombe." Lakini ulevi haukuanza ku kutaja, na hautaisha kwa kunyamaza. Masomo yetu yanafundisha juu ya malaria bila kupanda malaria. Yanafundisha juu ya sumu ya nyoka bila kufuga nyoka mu internati.

TUNAOMBA NINI?

Bwana Prefe, walimu na komite ya wazazi, maombi yetu ni haya:

1. Somo la kutenga alkoli na maji libaki mu programu ya labo, kwa seksio yetu yote.

2. Alkoli yote ifungwe na vifungulo viwili, kimoja ku profeseri na kimoja ku Prefe, na kila mililitri iandikwe mu kayé, inayoingia na inayotoka.

3. Kila kinachotoka mu baloni kitiwe blu ya metilene mbele ya wanafunzi wote.

4. Siku ya somo, wazazi wawili wanaochaguliwa na komite wakaribishwe kukaa na sisi kutoka mwanzo mpaka mwisho. Afazali wawe wale waliosema kwa nguvu zaidi ku mkutano.

5. Mwishoni mwa somo, wanafunzi waandike karatasi moja, kwa Kiswahili kisicho na fomula, juu ya metanoli na yale maneno matatu ya uongo, ili kila mmoja aipeleke kwao. Franga ya karatasi na ya stansili tutaichanga sisi wenyewe.

Ombi la tano ndilo tunalishika sana kupita yote. Mengine ni ya labo; hili ni la kartie.

Somo la mara ijayo liko siku ya ine, saa munane ya mchana. Baloni itakuwa mezani, epruveti zitakuwa zimeoshwa, na kiti cha kwanza karibu na termometri tumekiachia mzazi. Mzazi atakayekuja tutamwomba amimine yeye mwenyewe 50 na 50, kisha atusomee alama.

Wanafunzi wa mwaka wa sita,
Seksio ya Biolojia-Shimi